Yeboyebo za Foppa

Mzee wa chumba namba sita alinitazama miguuni, akacheka hadi akakohoa, kisha akasema jambo kwa kile Kiswidi chao cha kaskazini kinachomeza nusu ya maneno. Niliambulia neno moja tu: foppatofflor.

Ilikuwa zamu ya asubuhi, mwanzoni mwa Februari, nje bado giza. Nilikuwa nimempelekea uji na vidonge vyake. Miguuni nilivaa Crocs za zambarau, mpya kabisa, nilizonunua juzi yake kwa sababu kisigino changu cha kulia kilikuwa kimeanza tena vituko vyake. Kwetu Tanga tungeziita yeboyebo, na hakuna ambaye angekugeukia. Huku Uswidi, nikajua siku ile, zina jina la mtu.

"Foppa ni nani?" nilimwuliza.

Mzee akaweka kijiko chini.

Uji ukapoa.

## Kaunda suti

Sisi nasi tumewahi kumgeuza mtu kuwa vazi. Mwambie fundi cherehani yeyote akushonee Kaunda suti, atakuuliza kitambaa na mikono mirefu au mifupi. Hatakuuliza Kaunda alikuwa nani. Kwa Waswidi, Foppa ni jina la utani la Peter Forsberg, mshambuliaji wa hoki ya barafuni, mzaliwa wa Örnsköldsvik. Alikuwa na hisa katika kampuni iliyokuwa ikiingiza Crocs nchini kwao. Watu wakaona hakuna haja ya kuhangaika na jina la Kimarekani. Wakaziita ndala za Foppa, na yakaisha.

Hapo ningeachana na habari hii. Mimi si mtu wa hoki. Ukiwaondoa wale vijana wa Ice Lions wa Nairobi, waliojifunza mchezo huu kwenye kiwanja kidogo cha ndani ya hoteli ya Panari, wengi wetu barafu tunaijua ya kwenye glasi. Miaka yote niliyokaa Umeå nimeitazama hoki kama unavyohudhuria harusi ya jirani usiyemfahamu: umekaa kwa adabu, unasubiri wali.

Lakini mzee alisimulia kwa muda mrefu. Mabao, vikombe, medali. Halafu, nilipokuwa nafungua mlango nitoke, akaongeza jambo moja kwa sauti ya chini, kama mtu anayekumbuka chumvi chakula kikiwa mezani. Alisema Foppa aliangushwa na mguu. Hakupata kiatu cha kumfaa.

Kisha akaomba uji upashwe moto.

Nimetembea na maneno hayo wiki tano. Mtu aliyekosa kiatu, leo nusu ya nchi inavaa kiatu chenye jina lake.

## Mkono mmoja

Kila anayemsimulia Forsberg huanzia Lillehammer, nami sina ujanja wa kupakwepa. Februari 27, 1994, Norwe, fainali ya Olimpiki kati ya Uswidi na Kanada. Waswidi hawakuwa wamewahi kuchukua dhahabu ya Olimpiki katika hoki. Walisawazisha zikiwa zimebaki chini ya dakika mbili. Muda wa nyongeza ukamalizika 2-2. Mikwaju: watano kwa watano, bado sare. Wakaingia kwenye ile ya mmoja mmoja, ukikosa wewe na mwenzio akafunga, mnafungasha mizigo.

Penalti ya hoki haipigwi ukiwa umesimama. Unaanzia katikati ya uwanja, kile kisahani cheusi cha mpira kikiwa mbele ya gongo lako, unamwendea kipa mwenyewe. Forsberg alikuwa na miaka 20. Alimjia Corey Hirsch, akamvuta upande mmoja kwa mwili mzima, na kipa akaenda naye. Kisha akaachia mkono mmoja, akanyoosha ule mwingine upande wa pili kama mtu anayechukua kitu alichosahau juu ya kabati, na kukisukuma kisahani wavuni taratibu, nyuma ya kipa aliyekwisha kupita. Paul Kariya wa Kanada akafuata, Tommy Salo akamzuia. Dhahabu.

Ujanja ule haukuwa mpya. Mswidi mwenzake, Kent Nilsson, aliwahi kumfanyia hivyo kipa wa Marekani kwenye mashindano ya dunia ya 1989. Lakini nani anakumbuka aliyekopwa?

Mwaka 1995 Posta ya Uswidi ikalitolea bao lile stempu. Hirsch hakukubali sura yake itumike, basi wachoraji wakambadilishia jezi ikawa ya buluu na namba ikawa nyingine. Yaani kwenye stempu ile Forsberg anamfunga mtu asiyekuwepo.

Nimeitazama video hiyo labda mara arobaini. Mwanzoni nilitazama mikono, kama kila mtu. Baada ya maneno ya mzee nikaanza kutazama miguu. Uzito wote wa kijana yule, na wa nchi yake, umelala juu ya chuma chembamba ambacho ukikipima kwa kidole, kidole kinakizidi unene.

## Jina ndani ya orodha

Kabla ya hapo alikuwa ameshauzwa.

Mwaka 1991, timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, zilipochagua vijana wapya kwa zamu, Philadelphia Flyers walimchagua wa sita, na wengi walishangaa wamemwona wapi. Mwaka huohuo wa kwanza kabisa alikuwa Eric Lindros, kijana wa Kanada aliyekuwa akisubiriwa kama mvua, akachaguliwa na Quebec na akakataa katakata kwenda. Mwaka uliofuata Quebec wakamwuza. Wakakubaliana na timu mbili kwa wakati mmoja, mpaka akaitwa mwamuzi aamue nani mwenye haki. Philadelphia wakashinda. Bei yake ilikuwa wachezaji kadhaa, nafasi mbili za kuchagua vijana, na dola milioni 15. Humo ndani ya orodha, Peter Forsberg.

Nani alipunjika, wenye mchezo wao wameshabishana hadi sauti zimekauka. Mimi niliona jambo jingine: wale wawili, aliyekuwa bidhaa na aliyekuwa chenji, wote waliishia kushindwa na miili yao. Lindros kichwa, Forsberg mguu.

Quebec nako hakukaa. Alicheza msimu mmoja, akawa mchezaji bora chipukizi wa ligi, na timu nzima ikahamishiwa Denver kwa jina jipya, Colorado Avalanche. Mwaka wa kwanza tu Denver, 1996, wakachukua Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL.

## Anayegonga kwanza

Niliomba kijana mmoja wa kazini, ambaye anacheza hoki Jumapili na marafiki zake, anieleze huyu mtu alikuwa na nini. Hakueleza. Alisimama katikati ya chumba chetu cha chai, akanipa mgongo, akaniambia nimsukume.

Nikamsukuma. Kabla mkono wangu haujamfikia, akarudi nyuma kwa kishindo kidogo cha nyonga, nikajikuta nimekaa juu ya kiti.

Ndivyo alivyocheza. Beki anakuja kumgonga, yeye anamgonga beki kwanza, kwa mgongo, na kisahani hakijaondoka kwenye gongo lake. Halafu, wakati watu wawili wanahangaika naye ukutani, anakipitisha kisahani kwa mwenzake aliye peke yake. Katika mechi 708 za NHL alifunga mabao 249 na kutoa pasi za mabao 636. Huyo ni mtu aliyekuwa akila kipigo ili mwingine afunge.

Mchezo wa namna hiyo una ankara yake, na inalipwa polepole. Msimu wa 1995-96 alicheza mechi zote 82. Hakurudia tena maishani. Mechi 65, 72, 78, 49, 73. Ukizisoma hizo namba zikiwa zimepangwa wima unasikia bega, nyonga, kinena na kifundo cha mguu zikipokezana zamu kama sisi hapa kazini.

## Wengu

Mei 9, 2001. Colorado wamewatoa Los Angeles Kings kwenye mechi ya saba. Forsberg anakwenda kula na wenzake. Mezani maumivu yanamshika, anakimbizwa hospitali, na usiku uleule wanamtoa wengu uliopasuka.

Wenzake wakaendelea bila yeye, wakachukua kombe. Kombe la pili kwake, akiwa na nguo za kiraia.

Msimu uliofuata hakucheza hata mechi moja ya ligi. Alisema anapumzika, anahitaji mwili na akili vipoe. Halafu akafanyiwa upasuaji mwingine. Olimpiki ya 2002 ikampita, na Waswidi wakatolewa na Belarus, jambo ambalo mzee wangu bado halitaki litajwe wakati wa chakula. Kisha yakaja mashindano ya mtoano ya majira ya kuchipua. Mtu ambaye hajacheza mwaka mzima anaingia moja kwa moja kwenye mechi kali kuliko zote. Mechi 20, pointi 27, yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja. Hakuna aliyempita.

Mwaka uliofuata, 2002-03, akawa kinara wa pointi wa ligi nzima kwa pointi 106, na mchezaji bora wa msimu. Wa pili alikuwa Markus Näslund, pointi 104. Näslund naye ni wa Örnsköldsvik. Wamezaliwa mji mmoja, mwezi mmoja, wakipishana siku kumi. Mji wenyewe una watu kama elfu thelathini. Mapacha Daniel na Henrik Sedin nao ni wa hukohuko. Mtu akiniambia ni maji ya kule, sibishi.

Lakini mimi bado niko kwenye wengu.

Wengu ulipasuka, ukatolewa, ukatupwa. Kovu lipo, unaligusa, unajua. Akapumzika, akarudi akiwa bora kuliko wote. Na mguu, ambao haukukatika, haukutolewa, uko palepale kwenye soksi, ndio uliommaliza. Nilipowaza hivyo kwa mara ya kwanza nilikuwa kwenye basi, na nilipitishwa kituo changu.

## Pea baada ya pea

Nieleze nilivyoelewa, na wenye barafu yao watanisamehe.

Kiatu cha hoki hukivai, unafungiwa ndani yake. Mguu hautakiwi kucheza hata kidogo, kwa sababu usukani ni wayo. Unainamisha wayo kidogo ndani, unakata upande mmoja. Kidogo nje, unakata upande wa pili. Sasa mguu wa Forsberg haukukaa wima. Kisigino kiliinama ndani ya kiatu, chuma kikapoteza ukali wake juu ya barafu, na mtu aliyezoea kuegemeza mwili mzima upande mmoja bila kuwaza akawa hana uhakika kama barafu itampokea.

Wakampasua. Wakampasua tena. Wakamtengenezea viatu kwa kipimo, soli za ndani, vipande vya kuegemeza kisigino. Pea baada ya pea. Mwaka 2005 alirudi Philadelphia, timu ileile iliyomtoa kama chenji, na baada ya mwaka mmoja wakamfanya nahodha. Katikati ya hapo, Februari 2006 kule Turin, alichukua dhahabu ya pili ya Olimpiki, Waswidi wakiwafunga Wafini 3-2. Februari 2007 akapelekwa Nashville. Majira ya joto yakafika akiwa hana timu, na mguu haujaamua.

Kila mwaka kuanzia hapo habari ni moja. Foppa anafanya mazoezi. Foppa amejaribu kiatu kipya. Foppa atajiunga na timu ya taifa. Foppa amejitoa. Foppa anarudi.

Wiki ya kwanza nilimlaumu. Nilijiuliza mtu huyu anatafuta nini. Ana Kombe la Stanley mara mbili, Olimpiki mara mbili, ubingwa wa dunia mara mbili. Ana fedha. Watu wamemchoka kumsubiri, na magazeti ya kwao yameanza kumfanyia mzaha. Si uage kwa heshima, ukanywe kahawa yako?

Kisha nikafika kwenye Machi 2008.

Alikuwa amerudi Colorado mwisho wa Februari. Akacheza mechi tisa za ligi. Pointi 14.

Mechi tisa, pointi kumi na nne, kwa mguu mbovu, baada ya karibu mwaka mzima bila mechi ya NHL. Nilizisoma namba hizo nikiwa nimekaa jikoni usiku, kisigino changu ndani ya beseni la maji baridi, na lawama zikaniishia. Uwezo haukuwa umezimika. Ulikuwa kwenye mgao, kama umeme: leo unawaka nyumba nzima inang'aa, kesho huna hata wa kuchajia simu. Na mtu hawezi kuhama nyumba ambayo umeme unarudi. Anakaa. Ananunua mishumaa.

## Picha haionyeshi kitu

Sasa habari yangu, ambayo sikupanga kuiandika.

Kisigino changu kilianza miaka miwili iliyopita. Asubuhi nikikanyaga sakafu ni kama nimekanyaga msumari. Mchana kinaweza kutulia, nikatembea kilomita zangu za zamu, nikamsaidia mtu kuingia bafuni, nikakimbia kengele ikilia. Kesho yake nashindwa kushuka ngazi. Nimepigwa picha. Aliyeisoma picha aliniambia mguu ni mzima, na aliniambia kwa furaha, kana kwamba ananipa zawadi.

Kazini, pale nilipokuwa kabla ya hapa, walikuwa wakiniona siku nzuri ninavyokimbia. Siku mbaya nikisema siwezi, niliona macho yakitazamana. Hakuna aliyesema neno. Ningependa wangesema.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, sawa. Lakini maiti hana zamu ya saa moja asubuhi.

Kwa hiyo ninazo soli. Za jeli, za ngozi, za plastiki ngumu zenye mwinuko katikati, za duka la dawa, za fundi aliyenipima kwa mashine na kunitoza hela ya kununulia mbuzi. Kila mpya, wiki ya kwanza, naapa ndiyo yenyewe. Nilimpigia mama kumwambia, zaidi ya mara moja. Mama husema, "Alhamdulillahi, mwanangu," na hanikumbushi ya mara iliyopita.

Nilipowaza viatu vya Forsberg nikawaza kabati langu. Na nikaona kosa langu la wiki ile ya kwanza. Nilidhani alikuwa hataki kukubali kwamba imekwisha. Lakini nani angemwambia imekwisha, na kwa ushahidi gani? Macho yalikuwepo. Mikono ile ilikuwepo. Mapafu, akili ya mchezo, nyonga ya kuwakalisha watu vitini, vyote vilikuwepo. Palikosekana nyuzi chache za kisigino. Pengo lenyewe dogo kiasi cha kuzibwa na kiatu. Na kama linazibika kwa kiatu, basi kiatu kijacho ni tumaini la haki kabisa, si ukaidi. Angekuwa amevunjika ovyo angekuwa ameshastaafu zamani na tungeshamsahau vizuri.

Nilimweleza mzee haya. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha karatasi cha Husum, kule pwani ya kwao, na mkono wake wa kushoto una vidole vitatu. Alinionyesha palipo pengo. Hivi, alisema, viliondoka Jumanne, na Jumatano nilikuwa najua mimi ni mtu wa vidole vinane. Akakunja mkono.

Sijapata mtu aliyenielewa haraka namna hiyo.

## Kipa naye

Kuna jambo nilikutana nalo nikitafuta mengine. Corey Hirsch, yule kipa aliyefungwa, alijitokeza mwaka 2017 akaandika hadharani kwamba majira yaleyale ya 1994, miezi michache tu baada ya Lillehammer, alianza kuugua ugonjwa wa akili wa mawazo yanayojirudia bila kukoma, na kwamba nusura ajiue. Hakusema ni kwa sababu ya bao. Ugonjwa hauhitaji bao. Lakini miaka yote ambayo dunia ilikuwa ikimwona ameanguka upande usio wake, yeye alikuwa na jambo zito zaidi ambalo hakuna kamera iliyokuwa ikilichukua.

Siku hizi nikiiona ile stempu, na yule mtu wa jezi ya buluu asiyekuwepo, napata ubaridi.

## Columbus, kisha Nashville

Olimpiki ya 2010, Vancouver, walimpa Forsberg bendera ya Uswidi aibebe siku ya ufunguzi. Alikuwa anachezea Modo, klabu ya nyumbani. Waswidi wakatolewa robo fainali na Slovakia, 4-3. Mtu mwingine yeyote angeona bendera ile ndiyo kwaheri.

Januari 2011 alikuwa Denver, akifanya mazoezi na Colorado. Februari 6 akasaini. Ana miaka 37. Akacheza Ijumaa Columbus na Jumamosi Nashville. Wakafungwa zote mbili. Hakufunga, hakutoa pasi ya bao.

Nimetafuta picha za mechi ile ya pili. Hakuanguka. Hakuumia. Ukimtazama asiyejua, kama mimi, unaona mzee kidogo wa timu anayecheza kwa tahadhari. Lakini rudi umtazame wa 1996, halafu uje huku, utaona kitu kimekosekana: hakuna beki ambaye yeye alimgonga kwanza. Yaani hasubiri tena mgongano, hajiegemezi. Anakikabidhi kisahani mapema na kuondoka. Mtu ambaye maisha yake yote alikuwa mwamba wa kuegemewa sasa anakanyaga kama anayevuka kijito juu ya mawe yenye ukungu.

Jumatatu, Februari 14, akatangaza kwamba basi. Mashabiki wa Denver walikuwa wameshanunua tiketi za mechi ya nyumbani ya usiku uleule. Hawakumwona akicheza.

Siku tatu. Miaka minne ya kujaribu viatu, na jibu likaja ndani ya siku tatu, ugenini, bila ajali yoyote. Nadhani alilihitaji hilo kuliko kombe. Alihitaji jibu la barafu yenyewe, si la daktari wala la gazeti. Oktoba mwaka huohuo jezi yake namba 21 ikapandishwa darini Denver, isivaliwe tena na mwingine, na mwaka 2014 akaingizwa kwenye jumba la heshima la hoki kule Toronto. Hayo ni ya sherehe, yasimuliwe na wengine.

## Övik

Jumamosi iliyopita nilipanda treni kwenda Örnsköldsvik. Wenyeji huuita Övik. Kutoka Umeå si mbali, unafika kabla kahawa ya chupa haijapoa. Jina la klabu, Modo, limetoka kwenye kampuni ya mbao na karatasi, Mo na Domsjö. Mji wenyewe umejengwa juu ya miti ya misitu ile. Kuna kilima cha kurukia kwa ski katikati kabisa ya mji, kimesimama kama ngazi iliyosahauliwa na mafundi. Ghuba ilikuwa imeganda.

Nilichoka mapema. Kisigino. Nilikaa kwenye benchi nikatazama watoto wa shule ya chekechea wakiteleza kwenye kiwanja kidogo, wakisukuma viti vya plastiki mbele yao wasianguke. Mwalimu alipiga magoti barafuni, anamkaza mtoto mmoja kamba za viatu. Mtoto alilia kwamba panabana. Mwalimu alilegeza. Akalia kwamba panalegea.

Mzee alikuwa ameniagiza jambo moja: niangalie kama watu wa Övik bado wanasikitika kwamba Foppa hakuwahi kuchukua ubingwa wa ligi ya Uswidi. Mwaka 1994 Modo walifika fainali wakashindwa na Malmö. Mwaka 2007 wakauchukua hatimaye, naye alikuwa Nashville. Kila kitu mara mbili, isipokuwa cha nyumbani. Nilimwuliza mama mmoja wa duka la kahawa. Alinitazama kama nimemwuliza habari za marehemu, akaniongezea kitumbua chao chenye mdalasini bila kunitoza.

Nikamletea mzee jibu hilo. Alitikisa kichwa akasema ndivyo alivyofikiria.

Kisha akanyoosha miguu. Alitaka kutoka barazani kutazama theluji, na viatu vyake vilikuwa chini ya kitanda: Crocs za kijivu, zimelika upande mmoja wa kisigino. Nilipiga magoti, nikamvisha. Aliniuliza vyangu vya zambarau vinaendeleaje.

Nikamwambia siku tatu za mwanzo vilikuwa vizuri sana.

Nyumbani usiku nilifungua kabati nikazitoa soli zote, nikazipanga sakafuni mbili mbili. Pea tisa. Nilikuwa na mfuko wa takataka mkononi. Nilizitazama, nikazirudisha moja moja, na ile ya ngozi, ya pea ya nne, nikaijaribu tena.